Mfalme wa Roma Asiye na Pua

Mume wangu alipewa mfalme wa Roma ndani ya ganda la kiberiti. Ilikuwa wiki chache baada ya uhuru. Askari walikuwa wameanza kuwageuka maofisa wao, na bwana wake, Mbelgiji aliyesimamia pamba katika bonde la Ruzizi, alikuwa anapakia lori aondoke kwenda Usumbura. Mume wangu alikuwa karani wake kwa miaka kumi na saba. Alimwandikia barua, alimshikia mwavuli, alimdanganyia mkewe kila bwana alipolala Sange kwa sababu zake mwenyewe.

Mimi nilikuwa nafundisha kushona kwenye fuaye, ile shule ya wanawake ambako Wabelgiji walitaka tujifunze kupika supu na kutia vifungo. Mke wa bwana alikuwa ameniahidi cherehani yake. "Siku tutakapoondoka, mama, itakuwa yako." Alisema hivyo mara tatu, mara ya mwisho mbele ya mumewe. Kwa hiyo siku ile nilimfuata mume wangu hadi kwa bwana wake, nikiwa na kanga mbili za kuifungia.

Cherehani ilikuwa tayari juu ya lori, katikati ya godoro na kizimba cha mbwa. Bwana aliona macho yangu yanakotazama. Aliingia ndani, akatoka na kiberiti.

"Hii iko na bei kupita cherehani mia," akasema kwa Kiswahili chake cha kuamrisha watu. "Iko Augusto. Kaisari Augusto. Yesu alizaliwa wakati yake. Babu yangu alimutoa mu shamba kwetu."

Mume wangu aliinama mpaka nikaona mshono wa koti lake mgongoni. Alipokea kwa mikono miwili kama anayepokea komunyo. Lori likaondoka, na mbwa akatubwekea hadi kwenye kona.

Nilikifungua kile kiberiti tukiwa njiani kurudi Kasenga, mtaa wetu wa Uvira. Ndani mlikuwa na kitu kama sarafu, kidogo kuliko kifungo cha koti, chembamba, cheusi, kimelika pande zote kama sabuni ya siku ya mwisho. Upande mmoja ulikuwa na uvimbe, na uvimbe huo, ukitaka sana, ungeweza kuuita kichwa. Upande wa pili sikuona kitu.

"Iko wapi sura?" nikauliza.

"Iko hapo," mume wangu akajibu. "Weye huna macho ya vitu vya zamani."

Kitu cha kwanza alichofanya, kwa kuwa yeye alikuwa na macho hayo, ni kukisugua. Alikaa uani asubuhi nzima na mchanga wa ziwa, majivu na ndimu, akasugua mpaka kile cheusi kikatoka na chini yake kukang'aa kama bomba la baiskeli lililopigwa rangi mpya. Vilevile yakatoka machache yaliyokuwa yamebaki ya huyo mfalme. Aliona mng'ao ule akaniita kwa sauti. "Dhahabu!" Nilimwambia kwamba dhahabu haiwi nyeusi. Akasema dhahabu ya Roma huwa.

Wazungu walipoondoka, viti vyao vilibaki, na mume wangu akakalia kimoja. Akawa mkuu wa ofisi ya pamba. Sisemi alikuwa mbaya kuliko yule aliyemtangulia. Nasema tu alijifunza kutoka kwake kila kitu isipokuwa kazi. Nyumbani aliweka ile sarafu sebuleni, ndani ya glasi iliyofunikwa kitambaa nilichokidarizi mimi, na kila Jumapili baada ya misa watu walikuja kumwona Augusto.

Wa kwanza alikuwa katekista wa mtaa wetu. Aliinua kitambaa, akavua kofia, akasema kwamba bila shaka hii ndiyo ileile ambayo Yesu alionyeshwa alipoulizwa habari za kodi. Si mfano wake, ni ileile. Mume wangu hakumkatalia. Jumapili iliyofuata walikuja watu kumi na wawili, na mwanamke mmoja aliomba kuigusisha kwenye goti lake lililovimba. Mume wangu alimruhusu, akiwa amesimama pembeni na mikono nyuma, kama aliyeitengeneza.

Kisha akaja mkubwa mmoja wa serikali, mtu aliyekaa seminari miaka minne akafukuzwa, na tangu hapo akawa anajua Kilatini zaidi ya wale waliobaki. Alikuja na kioo cha kukuzia. Aliinamia ile sarafu muda mrefu huku chai yake ikipoa.

"A, V, G," akasoma. "Augusto. Hakuna mashaka."

Hizo herufi tatu zilikuwepo kweli, ukingoni, nyuma ya uvimbe.

"Na tazameni pua," akaendelea. "Hiyo ni pua ya Augusto. Niliiona kwenye kitabu."

Watu wote wakainama kuitazama pua. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia. Hapakuwa na pua. Pale ambapo pua ingekuwa palikuwa laini kama kijiko. Lakini kila mmoja aliyeinuka alitikisa kichwa kwamba ameiona, na katekista akasema ni pua ya mtu mwenye amri.

Sikuwa na elimu ya Roma. Nilichokuwa nacho ni kazi yangu. Mshonaji akitaka kunakili darizi ya kitambaa kizee kilichofifia, hakodoi macho, maana macho yanakudanganya. Unaweka karatasi nyembamba juu yake na kupitisha risasi ya penseli kwa ubavu, polepole, na kile ambacho jicho halikioni kinapanda chenyewe kwenye karatasi. Siku moja mume wangu alipokuwa ofisini nilikaa mlangoni. Kwetu jua la asubuhi linatoka ng'ambo ya ziwa, linaingia nyumbani likiwa chini, karibu na sakafu, na kila punje ya mchanga inatupa kivuli. Niliiweka sarafu katika mwanga huo, nikaizungusha kidogo kidogo. Halafu nikaweka karatasi yangu ya kukatia mitindo, nikapitisha penseli.

Kichwani kulitokea utepe wa shanga, umefungwa kisogoni, ncha zake zinaning'inia. Mbele ya uso, pale palipokuwa na pua ya yule mkubwa, hakukutokea kitu. Ukingoni kulisomeka C, O, N, S, T, halafu kama A, kisha vumbi tu hadi zile A, V, G.

Upande wa nyuma ndio ulionishangaza. Hakuna aliyewahi kuutazama, mume wangu akiwemo, kwa sababu haukuwa na mfalme. Walitokea kwenye karatasi wanaume wawili wadogo wenye kofia za vita, kila mmoja na mkuki, wamesimama wakitazamana, na katikati yao mti wa bendera. Pembeni mwao herufi: G, L, O, R. Nilisimama na karatasi mkononi. Neno hilo nilikuwa nalijua. Nililiimba kila Jumapili tangu utoto, *Gloria*, bila hata siku moja kuliona likiandikwa kwenye kitu kingine zaidi ya kitabu cha misa.

Kwenye misheni kulikuwa na padri mzee Mtaliano ambaye nilimshonea mavazi ya altare. Nilimpelekea karatasi pamoja na alba, kanzu yake nyeupe ya misa aliyoichana nikaishona. Aliitazama karatasi kwanza. Akacheka hadi akatafuta kiti.

"Mama, umetoa wapi hii?"

Nikamweleza.

"Kwetu, tukilima mizabibu baada ya mvua, zinatoka kama kokoto," akasema. "Tulikuwa tunazirushia kuku. Nani alisema Augusto?"

"Wote, padri. Waliona A, V, G."

"A, V, G ni cheo. Kila mfalme wao alijiita hivyo, kama mnavyosema bwana mkubwa. Augusto mwenyewe alikuwa amekufa zaidi ya miaka mia tatu kabla ya hii kugongwa." Aliweka kidole juu ya zile shanga. "Utepe huu Augusto hakuuvaa kwenye fedha zake. Hii ni ya Konstantino, au ya mmoja wa wanawe. Baba na watoto watatu, majina yote yanaanza sawasawa: Konstan, Konstan, Konstan. Herufi zinazofuata ndizo zingetuambia ni nani. Kwenye karatasi hazionekani. Niletee yenyewe, nina taa nzuri, labda tutazipata."

"Na hawa wanaume wawili?"

"Askari. Imeandikwa *Gloria exercitus*, utukufu wa jeshi. Waligonga nyingi sana, za shaba, za kununulia mkate na mboga." Akanirudishia karatasi. "Wewe ndiye uliyesoma, mama. Mimi nimekamilisha tu."

Sitaficha kwamba nilirudi nyumbani nikitembea kwa maringo. Nilisubiri mume wangu ale ashibe. Kisha nikaweka karatasi mbele yake nikamweleza yote: utepe, wana watatu, askari, mkate na mboga.

Alisikiliza akichokonoa meno. "Huyo padri ana wivu," akasema mwishowe. "Wataliano wanajua kwamba kitu chao kiko kwangu. Na weye, mwanamuke, ulienda kutangaza siri ya nyumba yangu?"

"Siri gani? Watu kumi na wawili wanaiona kila Jumapili."

"Toka mezani."

Nilitoka. Asubuhi nilipotaka kuichukua sarafu niipeleke kwenye taa ya padri, glasi ilikuwa tupu. Alikuwa ameipeleka kwa fundi wa baiskeli ili aitoboe, apate kuivaa shingoni na watu wasiizungumzie tena bila yeye kuwepo. Alirudi saa sita, imening'inia kwenye mnyororo mwembamba juu ya kravati. Niliisogelea nitazame. Fundi, kwa ustadi wake, alikuwa ametoboa palepale kwenye herufi zilizofuata ile A. Katika sehemu zote za ile sarafu, ambazo nyingi hazikuwa na kitu, alichagua ile moja iliyokuwa na jibu. Kuanzia siku hiyo hakuna mtu duniani ambaye angeweza kujua yule alikuwa baba au mtoto gani.

"Imependeza?" mume wangu akauliza.

"Imependeza," nikasema.

Hivyo tukaishi miaka ya kwanza ya uhuru. Mawaziri walibadilika, fedha mpya zilikuja, na mume wangu alipita Kasenga jioni na utukufu wa jeshi ukirukaruka kifuani, umegeuzwa nyuma.

Kisha waasi wakashuka bondeni, wakaingia Uvira. Walikuwa wanawatafuta watu wa ofisi, watu wa kravati, waliokalia viti vya Wabelgiji. Mkubwa yule wa seminari alichukuliwa nyumbani kwake kabla ya chakula cha mchana, na mkewe hakuambiwa alipelekwa wapi. Nilimdharau mtu yule, lakini hilo sikumtakia.

Tuliondoka na binti zetu wawili, kwa miguu, kwenda Rurambo mlimani kwa wajomba wa mume wangu, wachunga ng'ombe. Nilimvalisha mume wangu shati la mtunza bustani na suruali fupi. Nilimpaka matope miguuni. Nilimwambia aache kravati, akaiacha. Aache miwani, akaiacha. Kile kingine sikukitaja kwa sababu haikunijia akilini kwamba mtu mwenye akili timamu angekibeba.

Karibu na Sange kulikuwa na baryeri: gogo njiani na vijana wenye mikuki na bunduki tatu, majani yamefungwa vichwani, dawa zimechanjwa kwenye paji. Komanda wao nilimtambua mara moja. Alikuwa mbeba magunia kwenye ghala la pamba. Mume wangu alikuwa akimwita "weye" kwa miaka kumi na hakuwahi kumuuliza jina. Ndiyo maana mume wangu hakumtambua.

"Vua shati," komanda akasema.

Mume wangu akavua. Sarafu ikamng'aria kifuani, imesuguliwa vizuri.

Komanda akaishika, akaivuta hadi mnyororo ukakatika.

"Medali ya Wabelgiji," akasema. "Walikupa medali."

Mtu mwingine angelia. Mwingine angesema ameiokota. Mume wangu, aliyesimama nusu uchi na matope miguuni, alikohoa kama anayeanza hotuba.

"Hapana, si ya Wabelgiji. Iko ya Augusto, mufalme wa dunia yote. Yesu mwenyewe…"

"Mufalme?" komanda akasema. "Unavaa mufalme wa wazungu?"

Vijana wawili wakasogea. Binti yangu mdogo akanishika kanga. Katikati ya woga wangu nilimchukia mume wangu chuki tupu, kama unavyochukia jiwe lililokukwaza.

"Komanda," nikasema. "Baba, nakuomba, geuza nyuma."

Akanitazama. "Nini?"

"Usiangalie upande huo. Hakuna kitu upande huo. Geuza nyuma, uiweke kwa jua."

Akageuza. Akainua mkono kuelekea mwanga, akafinya jicho moja.

"Unaona nini?"

"Bantu wawili," akasema taratibu.

"Wamebeba nini?"

"Mikuki." Vijana wakaanza kumsogelea ili nao waone. "Katikati iko… iko bendera."

"Ni askari. Imeandikwa utukufu wa jeshi. Padri alinisomea. Iko ya shaba, baba. Watu walinunulia mboga."

Komanda akamtazama mume wangu, akanitazama mimi. "Sasa kwa nini huyu anasema mufalme?"

"Kwa sababu ameivaa miaka mitatu, na hajaigeuza hata siku moja."

Mmoja wa vijana akacheka. Kisha wa pili. Komanda alijaribu kujizuia, akashindwa, na kicheko kilimtoka kikubwa, cha mtu aliyebeba magunia miaka kumi chini ya mkubwa wa namna hii na leo ndipo ameelezwa mkubwa huyo alivyo. Mtu anayecheka hivyo haui upesi. Aliifunga sarafu shingoni mwake mwenyewe, upande wa wale askari ukiwa mbele, akampiga mume wangu teke la matakoni, si la kumuumiza, akasema, "Pita, mukubwa. Fuata bibi yako."

Tukapita. Sikugeuka nyuma. Tulipofika penye mihogo mirefu, pasipoonekana, nilikaa chini. Mume wangu alisimama juu yangu akivaa shati lake, anakosea vifungo.

"Umeniaibisha mbele ya watu," akasema.

Rurambo tulikaa miezi. Baridi, maziwa, ukungu hadi saa nne. Wajomba zake walikuwa watu wapole ambao hawakuuliza mengi, na mume wangu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alibeba maji. Usiku alilia mara mbili, nikamfunika. Nasema haya ili msidhani kwamba sikuwa mke. Kuhusu komanda, tulisikia kwamba jeshi liliporudi alikimbilia ziwani pamoja na wenzake, wengine wakasema alipigwa risasi bondeni. Sikupata kujua. Nilimwombea, na mpaka leo sijui kama nilimwombea aliye hai au aliyekufa.

Tuliporudi Kasenga tulikuta askari wa serikali wamekwishabeba milango ya nyumba yetu. Mume wangu alipata tena kiti ofisini, kwa kuwa walioijua kazi hiyo walikuwa wachache zaidi kuliko mwanzo. Na Jumapili wakaanza tena kuja. Katekista alikuwepo, amekonda. Waliuliza Augusto yuko wapi.

Nilikuwa jikoni nikisikia. Mume wangu alishusha sauti, kama watu wanaosimulia msiba.

"Waasi walitukamata Sange. Walitaka kumuua mama watoto. Mkuki ulikuwa hapa, kwenye shingo yake. Minye nikatoa Augusto. Nikasema, chukueni dhahabu, niachieni mke wangu."

Wakaguna kwa huruma. Mmoja akasema, "Kweli weye muntu."

Miaka ile yote nilikuwa nimenyamaza. Nilidhani kunyamaza ni heshima, au kwamba dharau inatosha ikikaa ndani. Nilitoka na sinia ya chai, nikaiweka mezani, na badala ya kurudi jikoni nikavuta kiti nikakaa kati ya wanaume.

"Mkuki ulikuwa wa shingo yake, si yangu," nikasema. "Na haikuwa dhahabu." Nikawaeleza polepole, kama ninavyofundisha wasichana kukata kola: utepe wa shanga, baba na wana watatu, tundu la fundi wa baiskeli, askari wawili na bendera, vijana waliocheka. Sikupaza sauti. Nilimimina chai nikiwa naendelea kusema.

Nilipomaliza, katekista aliniuliza, kwa upole kabisa, "Mama, weye ulijuaje?"

"Niliiangalia," nikasema.

Wakanywa chai. Mmoja akaanza habari za chumvi, kwamba inapatikana tena ng'ambo, na wote wakamshukuru kwa kuzungumza juu ya chumvi. Mume wangu alitazama dirishani hadi wa mwisho alipoondoka.

Wiki mbili hakusema nami ila kwa kupitia binti zetu: mwambieni mama yenu hivi, mwambieni mama yenu vile. Wiki ya tatu alikuja na koti lake la ofisi, mfuko umechanika, akaliweka juu ya magoti yangu bila neno. Lilikuwa koti zuri bado. Nikachukua sindano, nikamwambia akae pale penye mwanga anisubiri.